Acha Mwili Useme: Zoezi la Kutoa ya Moyoni kwa Mwendo

Karibu, mtazamaji. Zoezi la leo si dansi ya kuonyesha watu. Tunataka mwili utoe yale ambayo mdomo umeshindwa kuyasema, kwa hiyo kama chumbani kuna kioo, kifunike. Vua viatu, sogeza meza. Muziki usiuwashe kwanza, maana ukiuwasha utafuata mdundo badala ya kujisikiliza.

Simama, miguu iachane kidogo, magoti yalegee. Fumba macho kama huoni shida. Vuta pumzi puani, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta; mapigo ya moyo yatatulia. Sasa jikague kuanzia utosini hadi nyayoni. Wapi pamekaza? Taya? Mabega? Tumbo?

Chagua sehemu moja tu. Mimi leo ni mkono wa kulia. Tazama: vidole vimejikunja, dole gumba limejificha ndani. Usikimbilie kuukunjua. Ukaze zaidi, mpaka kiwiko kianze kutetemeka, halafu subiri. Mkono wenyewe utakuonyesha unataka nini: kusukuma, kupiga hewa, kukumbatia, kudondoka. Ufuate. Ukitaka kurudia mwendo uleule, rudia hata mara ishirini. Sauti ikija, au machozi, yaache yaje. Kazi yote iko hapa, na ndipo wengi wanapoanza kutafuta mikogo ya kupendeza. Mwendo usiovutia lakini wa kweli ndio ninaokuomba.

Mkiwa wawili, mmoja aongoze, mwingine amuige taratibu, bila mbwembwe wala kumkosoa. Marian Chace, mcheza dansi wa Marekani, aliitumia njia hii kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, alikoanza kazi mwaka 1942. Hata mgonjwa asiyezungumza na mtu, Chace aliupokea mwendo wake na kumrudishia. Binafsi naiona ndiyo heshima kubwa mtu anayoweza kumpa mwenzake aliyeumia.

Kumbukumbu nzito zikikuvamia, acha hapohapo. Fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja kwa sauti vitu unavyoviona. Aliyepitia mambo mazito sana asifanye peke yake. Amtafute mtaalamu wa tiba ya mwendo au mshauri nasaha.

Ukimaliza, punguza mwendo kidogo kidogo, keti, uandike sentensi moja juu ya ulichokisikia mwilini. Andika kabla hujashika simu.