Usukani wa Pikipiki na Mikono ya Dereva
(Mhadhara kwa madereva wa bodaboda, Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu madereva, shikamooni wakubwa, na vijana habari za kazi. Nimekuja kuzungumzia usukani tu.

Wengi mkija gereji mnalalamika vidole vinakufa ganzi, mabega yanawaka. Mnalaumu siti, mnalaumu shokomzoba. Usukani haulaumiwi, na ndio mnaoushika kutwa nzima.

Tazameni kifundo cha mkono. Kikikunjwa muda mrefu, mshipa wa fahamu unaopita katikati yake unabanwa, na ganzi inaingia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Ikishika kidole kidogo na cha pete, huo ni mshipa mwingine, unaokandamizwa ukingoni mwa kiganja: umeuegemea usukani mno. Ongeza mtetemo wa injini ya silinda moja, na baridi yetu ya Juni na Julai inayopunguza damu vidoleni.

Na huku kwetu ni milima. Ukitoka Isongole kushuka Tukuyu, mwili wote unakuja mbele, na abiria anakusukuma kwa nyuma. Kijana aliyeuinamisha usukani ili pikipiki ionekane ya mbio anaubeba uzito huo kwa viganja. Mtindo huo siupendi hata kidogo kwa mtu anayetafuta riziki barabarani.

Usukani mpana unasaidia kwenye vumbi na makorongo, kwa kuwa gurudumu linageuka kwa nguvu ndogo. Mwanjelwa, katikati ya bajaji, utakusumbua, na kifua kinabaki wazi kwa upepo. Ule mrefu sana kwenda juu unachosha mabega.

Lakini msikimbilie dukani. Kwanza legeza bolti za kibano kinachoushika usukani. Kaa kama unavyokaa kazini, umevaa koti lako la baridi, maana koti zito linabadilisha mkao wa mikono. Zungusha usukani taratibu mpaka viwiko vikunjike kidogo na kifundo kinyooke. Halafu rekebisha leva za klachi na breki zifuate mstari wa mkono, vidole vilale juu yake bila kifundo kuinuka. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Nimeona watu wakipona ganzi kwa spana tu, bila kununua kitu.

Ukilazimika kununua, pima unene. Bomba la pikipiki zetu nyingi ni milimita 22. Zipo zenye milimita 28.6 katikati, hizo hazikai kwenye kibano cha kawaida. Na tafadhali, usukani hauchomelewi! Bomba hudhoofika kando ya weldi, na likikatika mteremkoni huna cha kushika.

Ukimaliza kufunga, weka gia huru, washa injini, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa eksileta unavutwa. Pikipiki hiyo isitoke gereji mpaka waya upitishwe vizuri au uwekwe mrefu zaidi. Angalia na mpira wa breki kama unayo ya diski.

Haya, mwenye pikipiki iliyo karibu na mlango ailete hapa mbele, tuanze kulegeza.