Msiba Usio na Matanga

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nawaona akina baba mmejipanga nyuma, karibu na mlango. Leo nitasema zaidi na ninyi, kwa kuwa hapo nyuma nami nilikaa miaka sita.

Kwetu mtu akioa, mwaka hauishi mke hajaulizwa, "Vipi, bado?" Kisha watu wanaacha kuuliza, na ukimya ule unauma kuliko swali. Wenzake wa rika lake wote walikuwa Mama Fulani; mke wangu alibaki "dada". Damu ya mwezi ikija alijifungia bafuni, akafungulia maji, akalia. Nilisikia yote. Nikachukua redio, nikaenda kukaa barazani.

Mtu akifiwa tunajua la kufanya. Mikeka inatandikwa, mchango unapita, majirani wanapika, na asiye na la kusema anakuja kukaa tu. Huyu anayemzika kila mwezi mtoto ambaye hakuna aliyemwona, nani anamtandikia mkeka? Asubuhi anafua, anakwenda kazini, na jioni anaalikwa sherehe ya arobaini ya mtoto mchanga wa wifi yake. Mwaka 1993 mwanasaikolojia wa Marekani, Alice Domar, na wenzake waliwalinganisha wanawake wanaohangaika kupata mtoto na watu wenye maradhi mengine mazito. Sononi na wasiwasi wao vilikaribiana na vya wagonjwa wa saratani. Kwa hiyo mkeo akilia, usimwambie anakuza mambo.

Madaktari huanza kuhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu. Sisi tulipitisha miaka sita, na miaka yote hiyo mpimwaji alikuwa yeye. Alipimwa mirija, akanywa mizizi aliyochemshiwa na mama yangu. Mimi nilitakiwa kujizuia siku chache, kisha nitoe manii kwenye kikopo. Nilikataa. Nilisema mimi ni mzima, nguvu ninazo. Jamani, nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine! Nilipokubali hatimaye, haikuonekana mbegu hata moja. Kipimo kilirudiwa, majibu yakawa yale yale.

Nilikwenda kwa mama, nikamwambia kwa kinywa changu: tatizo ni langu. Mizizi ikakoma siku hiyo hiyo. Hilo moja lilimpunguzia mke wangu mzigo kuliko dawa yoyote aliyowahi kupewa.

Na siku zile za damu tukazipa heshima yake. Ziliendelea kumliza, hata baada ya majibu. Nilibaki nyumbani, nikasema "pole", nikanyamaza. Mimi ni mtu wa sala, lakini "Mungu ana wakati wake" nililiacha. Aliyefiwa haambiwi hivyo kabla hajamaliza kulia. Arobaini za watoto tulituma zawadi, na yeye akaenda alipojisikia kwenda. Waliokasirika tuliwaacha wakasirike.

Huwa naulizwa kama mwisho tulipata mtoto. Hatukupata. Mke wangu yule pale safu ya pili, na mtaani sasa anaitwa kwa jina lake. Ndiye aliyenituma nianze na ninyi mlio karibu na mlango. Karibuni tuzungumze, nani ana swali huko nyuma?