Acheni kulichora dude

Mwangaluka! Na ninyi mliovuka na kivuko kutoka Ukerewe, poleni na safari.

Wengi wenu mmeshanisikia. Kuna kijana pale mbele anacheka kabla sijaanza, anajua nitasema nini. Nitasema hivyo hivyo: acheni kulichora dude.

Kila nikikaa na vijana wa hapa wanaotengeneza magemu ya kutisha, kitu cha kwanza ninachooneshwa ni dude. Lina meno, lina ute, lina mikia. Mtu amelipaka rangi miezi na miezi. Namuuliza, haya, mchezaji anafanya nini? "Analipiga risasi." Basi umetengeneza gemu ya kuwinda, mdogo wangu. Mwenye hofu humo ni dude.

Mnaniambia mmeipenda Alien, ile filamu ya mwaka 1979. Sawa. Karibu saa nzima inapita kabla kile kiumbe hakijapasua kifua cha mtu, na baada ya hapo mnakiona nusunusu tu, mkono hapa, kichwa pale. Halafu mnatoka hapo mnakwenda kuandika gemu ya bunduki! Mwaka 2014 Creative Assembly wa Uingereza walitoa Alien: Isolation, na kwa sehemu kubwa ya gemu ile kiumbe ni kimoja na hakiuawi. Ukikiwashia moto kinakimbia, kisha kinarudi. Ndani ya gemu kuna akili mbili za kompyuta. Moja inajua ulipo wakati wote, lakini kazi yake ni kukidokeza kiumbe tu kwamba mchezaji yuko upande ule. Ya pili ndiyo kiumbe chenyewe, na hicho hakijui. Kina macho na masikio, lazima kikutafute. Ukibamiza kitu, kimekusikia. Hilo ndilo la kuchukua kwenye filamu: sheria ya dude. Sura yake waachieni wenyewe.

Sasa njooni hapa kwenye Ziwa Victoria letu. Mnajua dagaa wanavuliwa giza, na mbalamwezi ikiwa kali watu wanapumzika kambini, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Usiku wa giza simameni ufukweni mtazame: taa zimejaa majini mpaka mgeni anadhani kule ng'ambo kuna mji. Hebu fanya skrini yako ya simu iwe nyeusi. Weka nukta thelathini za mwanga. Moja ni yako. Taa ikiwaka, dagaa wanakuja na unapata hela. Ukiizima, hupati kitu. Umevua, mambo ni shwari. Kisha kule mbali kabisa nukta moja inazimika.

Hakuna muziki, hakuna mngurumo. Imezimika tu. Labda betri imekwisha, betri huisha. Unaendelea kuvua. Inazimika ya pili, na iko karibu kidogo kuliko ya kwanza. Hapo sijachora hata jino moja na wewe mwenyewe umeshaanza kuhesabu. Utazima ya kwako? Na kama dude linafuata mwanga, je, jirani yako ambaye hajazima? Utampigia kelele, au utamwacha liende kwake? Na kama linasikia?

Kuna atakayesema huo ni uchawi, si sayansi. Nilijua! Sayansi iko hapo ulipokalia. Ziwa hili, kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, na wataalamu wa matope ya chini wanasema liliwahi kukauka, miaka kama 15,000 iliyopita. Furu, wale samaki wadogo waliomo, wamegawanyika kuwa mamia ya aina, kwa muda ambao kwa mambo ya viumbe ni mfupi mno. Halafu miaka ya 1950 akaletwa sangara, mgeni, mla nyama, anayeweza kufika kilo 200, na aina nyingi za furu hazionekani tena. Kiumbe kimeletwa kutoka kwingine, kimekula kilichokikuta, na wenyeji wamejenga maisha juu yake, viwanda na mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara. Huko Marekani wangetoa filamu tatu kwa habari hiyo. Sisi tunaila na ugali.

Mwingine atasema simu zetu ni ndogo. Giza halina gharama kulichora. Godot, programu ya kutengenezea magemu, ni bure, pakua uanze.

Jambo moja sitaki mzaha nalo. Yule mwenye wazo la gemu ya meli inayozama, asiniletee. Mwaka 1996 si zamani, na humu ukumbini kuna watu waliopoteza ndugu kwenye MV Bukoba.

Naoneshwa saa. Fumbo basi, harakaharaka. Filamu ya The Thing ya mwaka 1982 ina watu kambini kwenye barafu ya Antaktika, kiumbe kinaiga yeyote, na wanapimana damu kwa waya wa moto. Msiige waya. Igeni lile swali la nani ni nani. Mtumbwi umetoka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, na watu wanne, alfajiri umerudi na watano, na wote watano unawajua kwa majina, wote wanakumbuka mlichokula jana. Mchezaji ana mpaka jioni, kabla hawajaingia tena majini. Hapo anauliza nini? Mimi mwenyewe nina maswali mawili ya kumpa na siyatoi leo.

Sauti nilitaka niizungumzie kirefu, imeshindikana. Rekodini ya kwenu: maji yakigonga mtumbwi, kasia, mtu akikohoa mbali. Acheni kupakua upepo wa Ulaya.

Mambo ya kuuza na bei, ambayo najua ndiyo yaliyowaleta wengi, atayasema mwenzangu anayenifuata. Maswali? Mama pale nyuma, simama.