Roboti ya Kurusha Mipira: Flaiwili au Manati? Chagua Hivi

Mbukwenyi watu wangu! Karibuni karakana, Nkuhungu hapa Dodoma. Leo hatuundi roboti nzima, tunachagua kirushio cha mpira tu. Walimu wa klabu na wadogo zangu wa sekondari wananiuliza hili mara kwa mara, na katika roboti nzima hakuna sehemu ninayoipenda kama hii. Bwana kamera, hebu rudishia ule mlango, upepo unaingia na vumbi lake lote. Haya.

Kabla hujashika msumeno, soma kanuni za mashindano. Mpira una kipenyo gani, ni mgumu au unabonyea, na roboti inaruhusiwa kubeba mingapi? Huu mkononi ni wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, msimu wa 2025–2026: plastiki yenye matundu, kipenyo takribani sentimita 12.7, na roboti inabeba mitatu kwa wakati mmoja. Hiyo mitatu ndiyo itakayoamua, ishikeni.

Chaguo la kwanza, manati. Sogeza kamera. Mkono wa mbao, vipande vya tyubu ya baiskeli, na mota inayouvuta mkono nyuma mpaka unanasa. Uzuri wake ni kwamba ukivuta umbali uleule, mpira unaangukia palepale, hata betri ikiwa imechoka. Shida ni kuvuta upya kila mara. Wenzako wameshamaliza mitatu, mota yako bado inalia. Kwa mpira mmoja mzito, mimi nachukua manati bila kusita. Na tafadhalini sana: hata ukichomoa betri, mkono uliovutwa bado umebeba nguvu. Usiweke uso juu yake.

Chaguo la pili, flaiwili. Gurudumu linazunguka muda wote, mpira ukilifikia tu umeruka. Ziko namna mbili. Kuna magurudumu mawili yanayobana mpira katikati: mpira unatoka na kasi inayokaribia ile ya ukingo wa gurudumu, ila kasi zao zisipolingana, mpira unapinda. Kuna gurudumu moja na tao la plaiwudi: mpira unabingirika kwenye tao, kwa hiyo unatoka na nusu ya kasi hiyo, huku ukizunguka kinyumenyume. Mimi napenda hii ya pili. Mota moja inatosha, na ule mzunguko wa kinyume, mpira ukigonga ubao, unauvuta chini uingie kapuni.

Mtaniuliza, nusu itatosha? Tupige hesabu. Gurudumu la sentimita 10, mizunguko 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Mzingo wake ni sentimita 31.4, zidisha kwa 50, unapata karibu mita 15.7 kwa sekunde. Nusu yake ni 7.85. Ukirusha kwa nyuzi 45, hiyo ni kama mita 6 kwenye karatasi, na utelezi utapunguza. Uwanja wenyewe una mita 3.66 kila upande. Inatosha na chenji inabaki.

Kufunga mota sitakaa sana: shafti, beringi mbili, kaza, twende. Beringi chukua zilizofunikwa pembeni, vumbi la kwetu halina huruma.

Sasa hapa. Hapa, hapa, hapa! Nafasi kati ya gurudumu na tao. Mpira lazima ubanwe kidogo, la sivyo gurudumu linateleza juu yake tu. Mpira wa sponji unabonyea wenyewe. Huu wa plastiki haubonyei, kwa hiyo kibonyee kitu kingine: raba iliyovikwa kwenye gurudumu, au sponji ngumu uliyobandika kwenye tao. Mimi naubana milimita 7. Nusu kipenyo cha gurudumu ni sentimita 5, jumlisha 12.7 za mpira, toa 0.7: unapata 17. Gonga msumari pale shafti itakapokaa, funga kamba ya sentimita 17 yenye penseli, chora tao lako. Ukibandika sponji ya milimita 5, chora 17.5, maana tunapima mpaka uso wa sponji, si wa mbao.

Halafu pima baada ya kukaza bolti. Baada! Bolti zinavuta plaiwudi, nafasi inahama. Pima mpira unapoingilia, katikati, na unapotokea. Nimeona timu zinapima vizuri kabisa mezani, zikishakaza pa kutokea pamebana. Nasema tena: kaza, ndipo upime.

Vaeni miwani, turushe. Wa kwanza... safi sana! Wa pili... Zima! Zima, chomoa betri. Bwana kamera, sogea watu waone. Mpira umenasa, na mota ikiachwa inang'ang'ana hivi inaungua. Usiingize kidole, subiri gurudumu litulie. Oneni bolti hii ya chini: mtetemo umeilegeza, ubao wa upande umeegemea ndani. Pa kutokea panasoma sentimita 11.6, wakati tunataka 12, yaani 12.7 za mpira toa 0.7. Naweka nati yenye plastiki ndani, hiyo hailegei ovyo. Nakaza... napima... 12. Ndiyo maana nasumbua na futi yangu.

Na mpira wenyewe, mwanga hapa, una mstari mrefu mweusi. Hiyo ni rangi ya gurudumu. Umeteleza kwa sababu una vumbi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, ukauke.

Sasa mitatu mfululizo. Wa tatu ukiangukia karibu kuliko wa kwanza, gurudumu limepoteza kasi na halijairudisha. Ongeza uzito ukingoni, pete ya chuma inafaa, ingawa litachelewa kidogo kushika kasi. Weka na enkoda, kile kifaa kinachopima mzunguko wa mota, programu isubiri kasi irudi ndipo isukume mpira unaofuata. Usitegemee kuongeza moto wa mota peke yake: chaji ya betri ikishuka na kasi inashuka, shabaha inahama katikati ya mechi.

Kwa mipira mitatu, basi, nachukua gurudumu moja na tao. Magurudumu haya ya sentimita 10, yenye pete na yasiyo na pete, ninayachonga hapahapa. Ukiagiza, niandikie kipenyo cha mpira wenu na kama ni mgumu au laini, nikuchoree na kiolezo cha tao. Sponji nitaweka, nati zenye plastiki ndani nitaweka. Kupima baada ya kukaza mtafanya wenyewe.