Marinda Yanayohesabiwa na Cherehani
(Mhadhara kwa mafundi cherehani, Moshi)

Shikamooni mama zangu. Mafundi wenzangu, habari za mchana.

Nimekuja na vyuma viwili vya kufunga kwenye cherehani mahali pa mguu wake wa kubana kitambaa: kimoja cha marinda, kingine cha vikunjo. Vya aina hii vimelala kwenye droo za cherehani za zamani tulizorithi kwa mama na shangazi, na mara nyingi tunavipita tukidhani ni vipuri vya mashine nyingine. Inaniuma, kwa sababu usiku wa kuamkia Komunyo bado tunavuta uzi kwa vidole ili kupata marinda, unakatika, tunaanza upya.

Hiki kikubwa ni cha marinda. Tazameni huu mkono wenye uma. Uma unakumbatia skrubu inayobana sindano, kwa hiyo sindano ikipanda na kushuka, mkono nao unacheza, na ubapa wenye meno unasukuma kitambaa kuelekea kwenye sindano. Kinakunjika, mshono unakidaka. Usipoupandisha uma juu ya skrubu, utapata mshono mtupu na kudhani chuma ni kibovu.

Hapa juu pana 1, 6, 12 na nyota. Kwenye 1 kinakunja kila sindano inapochoma, unapata marinda madogo yaliyosongamana, mazuri kwa mkono wa gauni la mtoto. Kwenye 6 kinakunja mara moja kila michomo 6, na 12 vivyo hivyo. Nyota haikunji kabisa. Skrubu ya mbele inaamua rinda liwe na kina gani, na urefu wa mshono unaamua yakaribiane kiasi gani. Ukichanganya kina kirefu na mshono mfupi kwenye 6, rinda moja linapanda juu ya jingine.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: ukanda wa marinda unapita katikati ya bapa mbili, na gauni lenyewe unalilaza chini ya ubapa wa chini. Unakunja na kuunganisha kwa mara moja.

Lakini kuna sharti. Niliwahi kushona gauni la Komunyo ya Kwanza, nikakata ukanda kwa makisio kama nilivyozoea kwenye uzi wa kuvuta. Nikazunguka pindo, na kabla sijafika nilipoanzia kitambaa kikaisha. Duka nilikonunua lilikuwa limemaliza ile nyeupe. Uzi unaweza kuulegeza ukasambaza marinda; ya chuma yameshashonwa, hayasogei. Mtoto alivaa gauni lenye kiraka nyuma, na mama yake alikuwa amelipa kamili.

Tangu siku ile nakata kipande cha sentimita 50 cha kitambaa kilekile, nakipitisha, napima. Kikitoka sentimita 20, maana yake kimekula mara mbili na nusu. Pindo la sentimita 180 litadai 450, na ya akiba kidogo. Pimeni upya kila mkibadilisha kitambaa, hata kama namba hamjaigusa. Kitenge hakili sawa na satini.

Hiki kidogo ni cha vikunjo, vile vya kifuani kwenye blauzi. Kikunjo cha kwanza unakikunja mwenyewe, kisha wakati unakishona, chuma kinafinya alama ya kinachofuata, na chaki unaiweka pembeni. Vipimo vyake viwili, cha upana wa kikunjo na cha alama, vikiwa kwenye namba moja, vikunjo vinagusana. Sogeza kile cha alama mbali zaidi, unapata nafasi. Pamba inashika alama vizuri. Vitambaa vinavyoteleza vinaisahau, hivyo msivianzie.

Vyote viwili ni vya mshono ulionyooka tu. Zigizaga itavunja sindano.

Cherehani ya dirishani ni ya shingo fupi, yaani sehemu inayofungwa mguu ni fupi, kama vyuma hivi. Dada mwenye kitenge cha kijani, njoo uanze. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, polepole, uone sindano inapita tunduni bila kugusa chuma.