Lita Moja Dhidi ya Lita 5,000

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulikuwa tumepanga kuzungumzia jeki ya gari, breki na kiti cha kinyozi, vitu vitatu vinavyoweza kufanya kazi kwa kanuni moja, ile ya Pascal, lakini Baraka ameingia studio akiwa na hasira za mtu aliyeoga kwa ndoo, na nadhani mna haki ya kujua sababu.

BARAKA: Sababu ni yule yule, Mwalimu. Wanaotufuatilia wanamfahamu mwenye nyumba wangu tangu kile kisa cha mita ya umeme. Sisi wa ghorofani tumekuwa tukilalamika kwamba maji ya bafuni yanatoka kwa kusinzia. Jumamosi akaja na mafundi, akaliondoa tangi la lita 1,000 lililokuwa juu ya paa, akaweka la lita 5,000 mahali pale pale, juu ya zege lile lile, kisha akasimama uani na kututangazia kwamba maji yakiwa mengi, presha nayo huwa kubwa.

ZUHURA: Na mlipofungua bomba?

BARAKA: Yakaendelea kusinzia. Niseme kwa haki kwamba tangi jipya ni refu kuliko la zamani kwa kama nusu mita, kwa hiyo likiwa limejaa pomoni unaona nafuu ndogo. Nafuu hiyo ndiyo iliyotuponza, maana Mzee wa Lita 5,000 ameigeuza kuwa ushahidi.

ZUHURA: Ushahidi wa jambo jingine kabisa. Mgandamizo, yaani hiyo presha, wa maji yaliyotulia hutegemea kimo cha maji kilicho juu ya pale unapopima, wala hauulizi tangi lina upana gani au lina lita ngapi. Kila mita moja ya kimo huongeza karibu kilopaskali 10, kilopaskali ikiwa ni kipimo cha mgandamizo. Jambo hili Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders, alilieleza katika maandishi ya mwaka 1586, kwa hiyo mwenye nyumba wako amechelewa kwa zaidi ya karne nne.

BARAKA: Nilitaka kumweleza, lakini kodi inaisha mwezi ujao. Nikaishia kumshauri kwamba lile zege lingeinuliwa kwa mita 2 tungepata kilopaskali 20 za ziada hata kwa tangi la zamani. Akanijibu kwamba mita 2 za zege ni ghali kuliko lita 4,000 za plastiki, na hapo, kwa bahati mbaya, sikuwa na jibu.

ZUHURA: Ongeza kwamba bomba likifunguliwa maji hayajatulia tena, na msuguano ndani ya bomba la nusu inchi hula sehemu ya ule mgandamizo.

BARAKA: Bomba lenyewe lina kutu ya miaka, lakini tusimpe Mzee wa Lita 5,000 sababu ya kutuletea tangi la lita 10,000.

ZUHURA: Basi niunganishe na tulilokusudia. Blaise Pascal, mwanasayansi Mfaransa, alifariki mwaka 1662, na maandishi yake kuhusu vimiminika vilivyotulia yakachapishwa mwaka uliofuata. Anaeleza chombo kilichofungwa, kimejaa maji, chenye matundu mawili ambayo moja ni kubwa mara 100 kuliko jingine, na kila tundu lina pistoni yake. Mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo atalingana na watu 100 wanaosukuma ile kubwa. Kimiminika kilichotulia hakiwezi kustahimili msukumo wa upande mmoja bila kutiririka, kwa hiyo mgandamizo unaouongeza mahali pamoja huongezeka kwa kiasi kile kile kila mahali ndani yake, na kila ukuta husukumwa kwa pembe mraba. Ndiyo kanuni ya Pascal.

BARAKA: Wala hakuna nguvu ya bure, kwa sababu pistoni ndogo italazimika kwenda sentimita 100 ili ile kubwa isogee sentimita moja.

ZUHURA: Sawasawa. Sasa sikia kisa ambacho ningependa mwenye nyumba wako akisikie, kile cha pipa la Pascal. Vitabu hukitaja mwaka 1646, ingawa hakimo katika maandishi yake yaliyobaki. Pipa lililojaa maji linafungwa, unachomekwa mrija mwembamba uliosimama juu yake, na maji yanamiminwa mrijani mpaka pipa linapasuka. Tuchukue mrija wa mita 10 wenye tundu la eneo la sentimita mraba moja. Unajazwa kwa lita moja tu, lakini kifuniko chenye eneo la mita mraba 0.2 kinasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2.

BARAKA: Lita moja! Na sisi tuna 5,000 tunaogea ndoo.

ZUHURA: Hiyo ndiyo kanuni ya Pascal kwa uzuri wake wote.

BARAKA: Hapo nakupinga, Mwalimu. Pipa lile linaonyesha kimo tu, sawa na tangi letu. Kanuni ya Pascal inahusu nguvu unayoiongeza kutoka nje juu ya kimiminika kilichofungwa, kama zile pistoni mbili.

ZUHURA: Na maji ya mrijani ni nini, kama si pistoni? Pipa lilikuwa limekwisha kujaa kabla hayajamiminwa, na kila tone lililoongezwa limezidisha mgandamizo kwa kiasi kimoja kwenye kifuniko, ubavuni na kwenye kitako. Nyongeza hiyo ndiyo kanuni.

BARAKA: Nyongeza ni moja, lakini jumla si moja, kwa kuwa kitako kinabeba pia kimo cha pipa lenyewe. Mwanafunzi akifundishwa kwa pipa atatoka akiamini kwamba mzamiaji wa mita 2 na wa mita 20 wanabanwa sawa.

ZUHURA: Hiyo ni hoja ya kufundisha kwa uangalifu, si ya kulifukuza pipa darasani. Hata ndani ya jeki kuna kimo cha oili, ila ni kidogo mno tukakipuuza.

BARAKA: Kukipuuza ndiko kunakoifanya jeki iwe mfano safi. Huwezi kukipuuza kimo katika mfano ambao kila kitu chake ni kimo.

ZUHURA: Sioni sababu ya kutenganisha vitu ambavyo maji yenyewe hayavitenganishi.

BARAKA: Nami sioni sababu ya kuvichanganya, hasa nyumbani kwetu.

ZUHURA: Mtu wa mitambo anatuonyesha kidole kimoja, yaani dakika moja. Jeki, breki na kinyozi havitawezekana leo.

BARAKA: Neno moja tu la breki: pedali ikizama kwa ulaini, huenda kuna hewa kwenye mirija, na kwa kuwa hewa hubanika, nguvu ya mguu wako inaishia...

ZUHURA: Muda, Baraka.

BARAKA: ...katika kuibana hewa kabla haijafika kwenye pedi. Itolewe kabla hujashuka mlima wowote. Na lile pipa ni kimo.

ZUHURA: Ni nyongeza. Kwaherini.