Helmeti inatikisika? Anza na kioo cha mbele cha pikipiki

Karibuni tena gereji. Leo tunashughulikia ule mtikisiko wa helmeti, unaokufanya ufike Chalinze shingo imekakamaa na masikio yanavuma. Pikipiki hii ya cc 150 niliifunga kioo kirefu cha plastiki mbele ili upepo usinipige kifuani. Kifua kikapona, kichwa kikaanza kuteseka.

Kwanza tujiridhishe kama mkosaji ni kioo. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na magari, uende kilomita 60 hivi kwa saa, kisha nyanyuka kidogo ukisimamia vikanyagio. Kelele ikipungua ghafla, kichwa kimeingia kwenye upepo safi, kwa hiyo kioo ndicho kinachouvuruga. Ikibaki vilevile, kakague helmeti yako.

Upepo ukishapasuliwa na kioo, nyuma yake hewa inakuwa hafifu, inavuta upepo wa juu ushuke. Nao unakuangukia usoni ukizunguka. Wengi hapo hukimbilia kioo kirefu zaidi. Mimi nafungua njia kwa chini, upepo kidogo upenye.

Toa bolti zote nne zinazoshika kioo. Tazama hapa: hiki ni kipande cha bomba la maji la plastiki (PPR) la mm 20, nimekikata urefu wa mm 15, ncha nikazipiga msasa. Viko vinne, kila kimoja kinakaa kati ya kioo na kava, na bolti mpya ziwe ndefu kuliko za zamani kwa hizo mm 15. Pande zote za kioo weka washa za mpira. Tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha. Kaza kwa vidole, halafu spana robo mzunguko, basi. Kioo changu cha kwanza kilipasuka hapahapa kwenye tundu, nilikikaza kama nakaza ekseli.

Kajaribu tena barabarani. Ukiridhika, usiguse msumeno.

Hujaridhika? Tukate. Kaa kama unavyoendesha, helmeti kichwani, mwenzako abandike tepu ya karatasi kwenye kioo, usawa wa pua yako. Macho yapite juu ya kioo. Ukiendesha usiku kwenye mvua utanielewa. Ila usishuke hadi kwenye alama kwa mkupuo. Kata sentimita 2, kajaribu, rudi. Tumia msumeno wa meno madogo, polepole, maana plastiki ikipata moto inayeyuka na kugandana nyuma ya msumeno. Kioo cha plastiki ya akriliki ukikiharakisha kinakatika kama biskuti. Cha polikaboneti, plastiki nyingine, ni kivumilivu zaidi. Ukingo uupige msasa namba 120, 240, kisha 400.

Gundi ya tepu usiifute kwa petroli. Najua mafundi wengi ndiyo zao, lakini petroli inakitia kioo vijiufa kama utando wa buibui, na haviondoki. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha.

Kabla hujaondoka, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Mnaona hapa? Waya wa klachi unakwaruza ukingo wa kioo. Nauhamisha upite ndani, naufunga upya, nazungusha tena. Haugusi. Sasa nipe hiyo helmeti.